Mashine ya Oksijeni Ambayo Haikufika Riruta

Mvua imenyesha tangu alfajiri na Barabara ya Naivasha imejaa matope, lakini ndani ya chumba cha mabati nyuma ya bucha moja mtaani Riruta, Nthenya Makau hana habari na mvua. Anasukuma kichwa cha mashine yake ya kufuma kulia, anakivuta kushoto. Sindano zinalia krr, krr, na kipande cha sweta ya kijani kinateremka polepole kuelekea magotini pake.

Ni wiki ya pili ya Novemba, mwaka huu wa 2009. Shule zitafunguliwa Januari, na mama huyu wa miaka arobaini na sita ameahidi sweta kwa shule mbili za msingi. Mashine yenyewe ni ya mkono. Jioni mabega yanamuuma hadi anashindwa kuinua sufuria.

"Huu ndio wakati wetu," anasema bila kuinua macho. "Nikilala saa hii, Februari nitakula nini?"

Anazungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kuwa na mgonjwa chumba cha pili. Mgonjwa huyo hayupo tena. Mumewe, Zachariah Makau, alifariki mwezi Juni akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mashine ya kumsaidia kupumua, ambayo mkewe aliinunua kupitia intaneti na kuilipia yote, ilikuwa imesemekana kwa majuma kadhaa kuwa iko njiani.

Haikuwahi kuwepo.

Zachariah alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Kwa karibu miaka ishirini alifanya kazi katika machimbo nje ya jiji, akikata mawe ya kujengea nyumba za watu wengine. Vumbi lile jeupe alirudi nalo nyumbani kwenye nywele na kwenye kope. Baadaye waligundua kwamba alikuwa amerudi nalo kwenye mapafu pia.

"Tulidhani ni kifua tu," Nthenya anasimulia. "Ananunua dawa ya kukohoa, anarudi kazi. Mpaka Jumapili moja akashindwa kupanda ngazi ya kanisa. Akashika ukuta, akaniambia niende tu mbele, atanifuata. Hakunifuata."

Februari mwaka huu alilazwa katika hospitali moja eneo la Upper Hill. Alipotoka, daktari alisema atahitaji oksijeni nyumbani kila siku. Wakakodi mtungi. Ulikuwa ukiisha kila baada ya siku mbili, na kila ulipoisha ilibidi ubebwe kwa mkokoteni hadi kituoni, upelekwe mjini, ujazwe, urudishwe.

"Macho yake yalikuwa kwa ile mshale ya kuonyesha hewa ya mtungi," anasema. "Mshale ikishuka, na yeye anashuka. Hata kama hewa bado iko, yeye anaanza kuhema."

Daktari ndiye aliyewatajia mashine inayovuta hewa ya kawaida chumbani na kuchuja oksijeni iliyomo. Haihitaji kujazwa, inahitaji umeme tu. Nthenya aliuliza bei katika duka la vifaa vya hospitali kule kule Upper Hill. Akaambiwa ni shilingi laki moja na themanini elfu. Kwa kila sweta, akishatoa pesa ya uzi, yeye hubaki na takriban shilingi mia na hamsini.

"Nilimwambia yule wa dukani asante, nikatoka," anasema. "Nikafika nje ndio nikakumbuka nimesahau mwavuli. Sikurudi."

Uzi wake Nthenya huununua River Road, katika duka lililo chini ya jengo lenye wapiga chapa na vyumba vya kulala vya bei nafuu. Ghorofa ya pili ya jengo hilo pana saiba, chumba chenye kompyuta tisa ambapo watu hulipia intaneti kwa dakika. Anayekihudumia ni Shiku, mama wa watoto wawili, ambaye Nthenya alikuwa amewafumia wanawe sweta. Mwezi Machi, akiwa na mfuko wa uzi mkononi, Nthenya alipanda ngazi hizo akamweleza shida yake.

"Tuliandika jina la mashine, zikatokea nyingi," anakumbuka Shiku. "Moja ilikuwa na bei ya chini kushinda zote. Elfu sitini na tano, pamoja na usafiri wa ndege hadi Nairobi. Walisema imetumika kidogo, ikatengenezwa upya. Tovuti yenyewe ilikuwa safi, ukiiangalia huwezi kushuku."

Kampuni ilijitambulisha kuwa ya Manchester, Uingereza. Kwenye tovuti kulikuwa na picha ya mashine nyeupe yenye magurudumu, na kando yake mzee aliyeketi akitabasamu.

"Yule mzee alikuwa mzungu," asema Nthenya, "lakini alikuwa amekaa vile Baba Mwikali anakaa. Mikono hapa, kwa magoti. Mimi nikaona ni kama nimeonyeshwa."

Baba Mwikali ndivyo alivyomwita mumewe, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Shiku aliandika barua pepe kwa niaba yake. Jibu lilifika mchana huo huo. Lilikuwa limetiwa sahihi na mtu aliyejiita Dokta Alan, na halikuanza na bei. Lilianza kwa kuuliza mgonjwa ana umri gani, anaugua nini, na usiku analala vipi.

Tangu siku hiyo, kila Nthenya alipokwenda kununua uzi, alipanda juu kusomewa barua. Shiku alimsomea kwa Kiswahili naye akairudisha nyumbani kama habari njema. Dokta Alan amesema mgonjwa ainuliwe kwa mito miwili. Dokta Alan amesema asinywe maziwa baridi. Dokta Alan amesema asikate tamaa.

"Baba Mwikali akaanza kumwombea," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Kila jioni. Anaombea watoto, anaombea mimi, halafu anasema, 'Na Dokta Alan, Mungu, mlinde yeye na nyumba yake.' Pumzi yenyewe haitoshi, lakini hilo jina lazima alitaje."

Ili kupata pesa hizo Nthenya aliuza moja ya mashine zake mbili za kufuma, ile kubwa. Kanisa lilichanga. Wanawake wa chama chake cha kuchangiana pesa walimpa zamu yake kabla haijafika. Hakuambiwa azitume Uingereza. Dokta Alan alieleza kwamba kampuni ina mwakilishi jijini Nairobi, na kwamba ni rahisi zaidi kumtumia huyo kwa simu. Jambo hilo lilimpa moyo. Mtu aliye karibu, alifikiri, anaweza kupatikana.

Wiki moja baada ya kulipa, ikaja barua nyingine. Kulikuwa na ada ya bima ambayo haikuwa imetajwa. Alilipa. Kisha ikaja barua ya kuuliza hali ya mgonjwa. Nthenya alijibu kweli kama ilivyokuwa: hali imekuwa mbaya, usiku mzima hakulala. Kesho yake Dokta Alan akaandika kwamba ameumia sana kusikia hivyo, na kwamba kwa elfu kumi na mbili zaidi mashine ingepakiwa kwenye ndege ya kwanza badala ya kungoja zamu.

Hapo Shiku akaingiwa na shaka. Alipiga namba ya Uingereza iliyokuwa kwenye tovuti. Iliita mpaka ikakatika. Alipouliza kwa barua, Dokta Alan alijibu kwamba huenda walipiga ofisi ikiwa imefungwa, na akatuma picha ya sanduku la mbao lililofungwa kwa mkanda wa buluu, likiwa na namba ya mzigo.

"Nilimwambia Mama Mwikali tungoje kidogo, tuulize watu," anasema Shiku. "Akaniambia, 'Shiku, mimi naweza kungoja. Baba Mwikali hawezi.' Ningesema nini tena?"

Alilipa.

Jumanne moja ya mwezi Mei, Nthenya alikodi pikapu, akatandika godoro nyuma ili mashine isigongwe njiani, akaenda uwanja wa ndege kwenye ofisi za mizigo. Alisimama kwenye foleni na karatasi yenye namba. Karani aliitazama, akaandika kwenye kompyuta, akaitazama tena.

"Mama, hii namba haina mzigo."

"Angalia tena, tafadhali. Imetoka Manchester."

"Nimeangalia. Na namba zetu hazianzi hivi hata kidogo. Ulipewa na nani?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamume wa Kihindi mwenye shati la mikono mifupi, naye ana karatasi. Ni Viraj Chunilal, mwenye duka la miwani katikati ya jiji. Alikuwa amekuja kuchukua mashine ya kukata vioo vya miwani.

"Nilisikia akisoma hiyo namba kwa karani," Viraj aliniambia dukani kwake. "Nikamwambia, mama, samahani, hebu nione karatasi yako. Nikaweka zote mbili pamoja kwa kaunta. Namba ni moja. Nikamuuliza kama alitumiwa picha. Akatoa. Ni lile sanduku langu. Mkanda wa buluu, kila kitu."

Viraj alikuwa amenunua kutoka kwa kampuni yenye jina jingine kabisa, na aliyemwandikia alijiita Bwana Gregory. Bwana Gregory hakuulizia mgonjwa yeyote. Aliulizia biashara inaendeleaje na akatoa ushauri kuhusu wateja.

"Familia yangu inauza vitu katika huu mji tangu babu yangu," anasema, akipanga fremu ambazo tayari zimepangwa. "Nunua, uza, hiyo ndiyo kazi yetu. Mimi nimesomea biashara. Na bado walinikula. Nilimwambia mke wangu mashine imechelewa uwanja wa ndege. Nilikaa na huo uongo mwezi mzima."

Nthenya anakumbuka kwamba aliketi chini pale pale sakafuni. Viraj alikwenda akaleta chai mbili. Hakuna aliyezinywa.

Pikapu ilirudi Riruta na godoro lake. Nyumbani, Zachariah alikuwa ameomba anyolewe ndevu. Majirani walikuwa wamesogeza kabati ili mashine ikae karibu na soketi, na mmoja wao, Peres, alikuwa amepika chapati.

"Walitoka wote nje kusaidia kushusha," Nthenya anasema. "Mimi nikashuka kwa gari peke yangu."

Alisema ndege imechelewa. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Siku ya nne Zachariah alimwita aketi kitandani.

"Akaniambia, 'Mama Mwikali, sema.' Nikasema yote. Hakunigombeza. Halafu akaniuliza, 'Sasa tulikuwa tunamwombea nani?'"

Anavuta kichwa cha mashine kushoto. Anakirudisha kulia.

Hawakuwa tena na pesa za kujaza mtungi kila siku mbili. Walijaza walipoweza. Mwanzoni mwa Juni Zachariah alirudishwa hospitalini, na baada ya siku tatu akafariki, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano.

Nthenya alimuuliza daktari swali ambalo watu walimshauri asiulize: kama ile mashine ingekuja?

"Aliniambia ukweli, na nilimshukuru. Alisema haingemponya. Ingempa muda tu." Anatikisa kichwa. "Muda ndio nilikuwa nanunua. Sikuwa nanunua kitu kingine."

Huenda mambo yangeishia makaburini kama si Viraj, aliyempigia simu wiki mbili baada ya mazishi. Alikuwa amekwishaandikisha taarifa polisi na alitaka wawe wawili. Shiku alichapisha barua zote za Dokta Alan. Wakampelekea Sajini Were, wa kitengo kinachochunguza ulaghai.

Were ni mtu mrefu, mwenye subira, na meza yake imejaa mafaili ya aina hii. Anasema watu wengi hawaripoti kwa sababu ya aibu, na kwamba aibu hiyo ndiyo mtaji wa matapeli.

"Tulianza na namba ya simu iliyopokea pesa," anaeleza. "Kila mara pesa zilitolewa kwa mawakala wale wale wawili wa pesa za simu. Wakala mmoja alimkumbuka mtu. Na zile barua pepe tukazifuatilia. Hakuna hata moja iliyotoka Uingereza. Zote ziliandikwa hapa hapa Nairobi, kwenye saiba za mjini. Picha walizitoa kwa tovuti za watu wengine."

Agosti, polisi walimkamata mwanamume wa miaka thelathini na mmoja katika nyumba ya kupanga huko Dagoretti. Kutoka hapo hadi kwa Nthenya mtu huenda kwa miguu. Amekana mashtaka yote, yuko nje kwa dhamana, na mahakama bado haijaamua kama ana hatia. Polisi wanaamini alikuwa na wenzake ambao hawajapatikana. Pesa pia hazijapatikana.

Habari ya Dagoretti ndiyo iliyomuumiza Nthenya kuliko zote.

"Mimi nilikuwa nawaza mtu wa mbali, mtu hajui sisi ni akina nani," anasema. "Kumbe anapita kwa hii barabara. Anajua mtungi ni pesa ngapi. Anajua matope ya hapa. Na bado ananiandikia, niambie, mgonjwa amelalaje?"

Nilimuuliza Sajini Were mtu afanye nini ili asiangukie shimo hilo. Alijibu akihesabu kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu.

"Bei ikiwa chini sana kuliko kila mahali, jiulize kwa nini. Piga simu uongee na mtu, si kuandikiana tu. Kama wanasema wana mwakilishi hapa, basi nenda ofisini kwake, umwone, ushike bidhaa, ndipo ulipe. Na muuzaji wa kweli haongezi ada baada ya kupokea pesa. Ada ya pili ikija, simama hapo hapo, hata kama unaona utapoteza ile ya kwanza. Watu hutuma ya pili ili kuokoa ya kwanza, na ya tatu ili kuokoa ya pili." Anafunga faili. "Lakini nikuambie kweli. Huyu mama alikuwa anasikia mumewe akihema. Mtu wa hivyo ukimwambia asubiri, unamwambia nini?"

Kule River Road, Shiku sasa huwauliza wateja wake wanaotaka kununua kitu kwenye intaneti kama wamemwona mtu yeyote aliyewahi kupokea mzigo kutoka kwa muuzaji huyo. Wengine humwambia ashughulike na kazi yake. Mwezi uliopita mwanamume mmoja alihamia saiba ya jirani kwa hasira, akatuma pesa ya gari kutoka huko. Shiku hajui iliishaje.

Wanawake wa chama cha Nthenya nao wamekuwa wakija kwake kabla ya kutuma pesa popote. Wiki iliyopita alimzuia mmoja aliyekuwa anunue cherehani kupitia tangazo. Walipoomba kwenda kuiona, muuzaji akazima simu.

"Alinishukuru," anasema, "lakini nilirudi nyumbani nikalia. Nilijiuliza mbona mimi hakuna mtu alinizuia. Halafu nikakumbuka Shiku alijaribu."

Mwezi Oktoba alikwenda mahakamani kwa mara ya kwanza. Alifika mapema, akakuta mabenchi ya ukumbini yamejaa. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, miguu imevimba kwa kazi, wakati kijana mmoja mwenye shati safi jeupe alipoinuka.

"Akaniambia, 'Keti hapa, mama.' Nikakaa. Nikamwambia Mungu akubariki. Nikawaza moyoni, huyu alilelewa vizuri."

Nusu saa baadaye jina la mshtakiwa liliitwa mlangoni. Kijana aliyempisha kiti ndiye aliyeingia kizimbani.

Nthenya hajui kama kijana huyo alimtambua. Anadhani hapana, kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuonana. Viraj, aliyekuwa karibu, alitaka kumfuata kijana huyo ukumbini baadaye amwambie maneno. Nthenya alimshika mkono.

"Nilimwambia, Bwana Viraj, wacha. Ukimpiga, kesi itakuwa yako. Tungoje siku yetu."

Siku hiyo imepangwa Februari. Kabla ya hapo anataka kumaliza sweta za shule zote mbili, alipe chama, na kama kutabaki kitu, aanze kuweka akiba ya mashine ya pili ya kufuma. Hiyo ataikagua mwenyewe dukani, ataijaribu kwa uzi wake, na hatatoa pesa kabla haijapakiwa.

Sajini Were amemwambia ajiandae kuwa shahidi wa kwanza. Amemsomea mashtaka yalivyoandikwa. Yanataja mlalamikaji, yanataja bidhaa, yanataja kiasi cha fedha. Nthenya alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba asome tena, akidhani kuna mahali palirukwa.

"Wataniuliza nilipoteza nini, na wanataka nitaje pesa," anasema, akikata uzi na kukitoa kipande cha sweta kwenye sindano. "Pesa nitazitaja. Lakini kwanza nitasema Zachariah Makau, fundi wa mawe. Halafu nitanyamaza, ningoje karani aandike."